Kombi, Mawimbi na Riziki

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wetu wa mwaka na mwenzetu aliyemaliza Kidato cha Sita hapa, ambaye sasa hutengeneza programu za kompyuta akiwa Afrika Kusini. Yanachapishwa kwa ombi la wanachama na wanafunzi. – Mhariri)



Naanza kwa kutoa shukrani. Ndugu Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze, alinipa nusu saa na kuniachia hiari ya kuchagua mada. Nilipomjibu kwamba nitaeleza namna ya kulitengeneza gari kuukuu liwe chumba cha kulala, jiko na ofisi, kwa ajili ya kufuata mawimbi ya bahari, alinyamaza wiki nzima. Kisha akajibu kwa sentensi moja: "Tafadhali liwemo jambo la kuwafaa wanafunzi." Limo, Ndugu Katibu, na nalitaja tangu sasa ili hata atakayesinzia baada ya pilau aondoke nalo. Gari la namna hii huonekana ni chombo cha uhuru. Lakini uhuru huo unasimama juu ya hesabu, na hesabu zenyewe ni zile zile zinazofundishwa katika maabara yetu pale, Kidato cha Pili na cha Tatu. Mwenye kuzifuata hulala salama na kula jasho lake. Mwenye kuzipuuza hupoteza kazi, au hupoteza gari, na wako waliopoteza uhai.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Jeffreys Bay ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la Eastern Cape, yapata kilomita 75 magharibi mwa Gqeberha, mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth hadi mwaka 2021. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea bahari iliyozungushiwa ukuta wa matumbawe. Wimbi letu huvunjika kule mbali mwambani, na likifika ufukoni limekwisha kuwa na adabu. Kule sivyo. Tufani za Bahari ya Kusini, karibu na nchi ya barafu, husukuma mawimbi maelfu ya kilomita, nayo huja kuvunjika kwenye rasi ya mawe, si kwa pamoja bali kwa mpango, kuanzia ncha moja kwenda nyingine, kama mtu anayefunua mkeka. Mchezaji husimama juu ya ubao na kuteleza ubavuni mwa wimbi mamia ya mita. Wachezaji huja kutoka pembe zote za dunia. Filamu ya Bruce Brown iitwayo The Endless Summer, iliyoenea ulimwenguni mwaka 1966, ndiyo iliyoitangaza pwani ile kwa kuonyesha mawimbi ya Cape St. Francis, jirani na hapo. Na vijana huenda mmeona picha za Julai 2015, pale papa alipomvamia bingwa Mick Fanning wa Australia katikati ya fainali, televisheni zikitazama, naye akatoka bila jeraha.

Sasa, kwa nini mtu alale garini? Kwa sababu mawimbi hayana makazi. Leo yako hapa, kesho upepo umegeuka, na yaliyo mazuri yako kilomita 200 mbele. Zamani jambo hili lilikuwa la vijana wasio na ajira, au matajiri. Siku hizi, tangu mitandao ya simu kuenea, mtu aliyeajiriwa anaweza kuifanya kazi yake popote palipo na umeme na mawasiliano. Mwaka 2024 Serikali ya Afrika Kusini ilitangaza hata viza maalum ya wageni wanaofanya kazi kwa waajiri wa nje huku wakiishi nchini humo. Ndiyo maana nasema gari hili ni mahali pa kazi kwanza, na starehe baadaye.

Na gari lenyewe, kwa wengi, ni Kombi. Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Tulipandishwa Kombi za misheni na za hospitali, tukashuka kusukuma Kombi hizo hizo katika matope ya masika. Kwa vijana nitasema kwamba mchoro wake wa kwanza ulichorwa mwaka 1947 na Ben Pon, mfanyabiashara wa Uholanzi, na gari likaanza kuundwa Ujerumani mwaka 1950. Jina lake ni kifupi cha neno refu la Kijerumani lenye maana ya gari la kuchanganya abiria na mizigo. Brazil waliendelea kuliunda hadi mwaka 2013. Afrika Kusini nao waliliunda katika mji wa Uitenhage, ambao tangu mwaka 2021 huitwa Kariega, na toleo la tatu la gari hilo halikukoma kuundwa huko hadi mwaka 2002. Kwa hiyo katika pwani ile vipuri vinapatikana, na mafundi wanaoijua injini hiyo hata wakiwa wamefumba macho bado wapo. Yangu ni ya mwaka 1978, injini ya lita 2 inayopozwa kwa upepo, nguvu-farasi 70. Haina haraka. Lakini inafika.

Ndugu zangu, jambo la kwanza ni ununuzi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nadhani waliwahi kununua gari la pwani. Rangi ya nje si kitu. Lala chini utazame vizingiti chini ya milango, matao ya magurudumu, mahali pa kukalia betri, na ukingo wa chini wa kioo cha mbele ambako maji hujificha nyuma ya mpira. Chukua sumaku uliyoifunga kwa kitambaa na uipitishe juu ya bodi. Ikiacha kushika, hapo hapana bati tena. Pana pati na rangi. Tazama tairi pia: ubavuni pana tarakimu 4, mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye kashata nzuri lakini yenye umri wa miaka kumi na tano ni tairi ya kutazamwa tu.

Kabla ya kununua hata ubao mmoja wa kitanda, badilisha mipira yote ya petroli na mipira ya breki. Katika Kombi, injini iko nyuma, imefungiwa katika chumba kidogo chenye joto. Mpira wa petroli uliokauka hupasuka, petroli hudondokea kwenye injini ya moto, na nyumba huteketea kwa dakika chache. Mpira wenyewe ni wa bei ya chakula cha mchana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe utakuwa umeungua. Mtungi wa kuzimia moto uwekwe karibu na mlango, pale mkono unapofika mtu akiwa amelala, wala usiwekwe nyuma karibu na injini.

Jambo la pili ni uzito. Kila gari lina kibati cha kiwanda kinachotaja uzito usiopaswa kuzidiwa, na madereva wa malori waliomo humu wanaijua mizani na machungu yake. Chukueni penseli. Watu wawili, kilo 150. Maji lita 60, kilo 60, maana lita moja ya maji ni kilo moja, na hili mwalimu hakulisema kwa kujifurahisha. Plaiwudi ya milimita 12, shiti 4, kila moja kama kilo 20, jumla 80. Betri, friji na paneli, 50. Mbao za mawimbi, nguo, zana, vyombo na chakula, 100. Tumekwisha fika kilo 440, na bado hatujamkaribisha mgeni. Sharti si kujua jumla tu, bali na mahali pa kila mzigo. Kwa kuwa injini tayari imelemea nyuma, maji na betri zikae chini, katikati ya ekseli mbili. Vitu vikiwekwa juu ya paa, gari lenye uso bapa kama Kombi hupokea upepo wa ubavuni kama tanga. Wanafunzi mliosoma kitovu cha uzito na mkajiuliza kitawafaa lini, mtakijua siku mtakapokata kona ya barabara ya mlimani na upepo unavuma kutoka baharini.

Jambo la tatu ni umeme, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu ndipo ajira inapopona au kufa. Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Ninunue paneli ya ukubwa gani?" Swali hilo limesimama kichwa chini. Sharti kwanza uulize, "Kwa siku ninatumia kiasi gani?" Tupige hesabu. Kompyuta mpakato ya wati 60 kwa saa 6 ni wati-saa 360. Friji ndogo ya wati 45 hunguruma kama theluthi moja ya siku, yaani saa 8, nazo ni 360. Ruta na simu, wati 10 kwa saa 10, ni 100. Taa mbili za wati 5 kwa saa 4 ni 40. Jumla 860. Kila chombo hula ushuru wake kwa njia ya joto, basi ongeza kama sehemu moja ya kumi, useme 950.

Betri ya volti 12 ingepaswa kutoa kama ampea-saa 80. Lakini betri ya risasi na asidi, mliyoizoea kwenye magari, haipendi kunyonywa zaidi ya nusu. Ukiizidishia kila siku, haitafika mbali. Kwa hiyo utahitaji ampea-saa 160, ambazo ni mzigo wa kilo 40 na zaidi. Betri ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma huvumilia kunyonywa sehemu nne kwa tano, hivyo ampea-saa 100 zinatosha, na uzito wake ni kama kilo 12. Bei yake ni kubwa zaidi siku ya kununua. Ukigawa bei kwa miaka itakayodumu, hesabu hubadilika. Ina mwiko mmoja: isitiwe chaji ikiwa baridi imeshuka chini ya nyuzi sifuri.

Sasa njoo kwenye jua, ambapo bahari ilitutegea mtego. Majira ya mawimbi makubwa ya Jeffreys Bay ni Juni hadi Agosti, na hayo ndiyo majira ya baridi kusini mwa dunia. Mwezi Juni, jua la adhuhuri husimama nyuzi 33 tu juu ya upeo wa macho, tena upande wa kaskazini, na paneli iliyolala bapa juu ya paa hulipokea kwa ubavu. Paneli ya wati 200, ambayo hapa kwetu mchana wa kiangazi ingetoa umeme mwingi zaidi, kule hupata kama saa 3 za jua kamili kwa siku. Hizo ni wati-saa 600. Toa robo kwa joto, vumbi na nyaya, unabaki na 450. Haja yako ni 950. Mawimbi yakiwa mengi, jua huwa haba. Asiyeipiga hesabu hii nyumbani ataipigiwa na betri, katikati ya mkutano na mwajiri.

Pengo la wati-saa 500 litazibwa na nini? Njia ya kwanza ni injini. Kati ya alteneta na betri ya nyumba weka kifaa cha kuchajia kinachopima ampea 30. Ukiendesha saa moja na robo, pengo limezibika. Usiunganishe betri ya lithiamu moja kwa moja na alteneta ya mwaka 1978, kwa maana betri hiyo hunywa kwa pupa na alteneta itaungua. Kifaa hicho hicho huzitenga betri mbili, ili kompyuta isinyonye betri ya kuwashia gari. Njia ya pili ni kulala katika kambi yenye soketi, walau usiku mmoja kati ya mitatu. Na katika nchi ile vifaa vya umeme wa jua havikuwa vigumu kupata, kwa sababu ya mgawo wa umeme uliowasumbua raia kwa miaka, hasa mwaka 2023. Shida ilifundisha mafundi. Sisi wa huku tunaojua maana ya mgawo hatuhitaji maelezo zaidi.

Kabla sijaacha umeme, neno juu ya nyaya. Kifaa cha wati 1,000 nyumbani kwako, kwa volti 230, huvuta ampea 4 na kidogo. Kifaa hicho hicho kwa inveta ya betri ya volti 12 huvuta ampea 83. Joto ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo. Basi waya ule ule ungepata joto zaidi ya mara 360. Si ajabu magari yanaungua kwa waya wa redio uliounganishwa na inveta. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Tena mkumbuke kazi ya fyuzi: hailindi kompyuta yako, inalinda waya usiwe kuni. Mwenye kuondoa fyuzi inayokatika na kuweka kipande cha chuma badala yake amemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele.

Jambo la nne ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Ni hewa. Kombi iliyofungwa madirisha ni sanduku lenye ukubwa wa chumba cha kuwekea mifagio. Humo watu wawili wanapumua, maji yanachemka, na nje kuna baridi inayomshawishi mtu kuziba kila tundu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, bali hushuka na kutanda sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Kwa hiyo kabati la mtungi lifungwe kwa ndani lisivujishe, na liwe na tundu chini kabisa linalotokea nje ya gari. Tundu la juu halisaidii.

Mbaya zaidi ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Huzaliwa mahali popote moto unapokosa hewa ya kutosha. Chembe nyekundu za damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko zinavyoishika oksijeni, hivyo mtu husongwa huku anapumua. Kwanza kichwa huuma, kisha usingizi humchukua, na wengi hawaamki. Katika Kombi zinazopozwa kwa upepo iko hatari ya pekee: joto la kupashia chumba hutoka kwenye mabomba yanayozunguka ekzosi. Yakitoboka kwa kutu, moshi wa injini huletewa abiria pamoja na joto. Mabomba hayo yakaguliwe kila mwaka, au yazibwe, nawe uvae sweta. King'ora cha kaboni monoksidi kina bei ndogo kuliko tairi moja. Kisikosekane, na kijaribiwe kila safari.

Na hapa, Ndugu Mwenyekiti, naliacha gari na kuja nyumbani. Si lazima uwe na Kombi wala ubao wa mawimbi ili ufe kwa gesi hii. Katika wilaya zetu za nyanda za juu, kila majira ya baridi tunasikia habari za jamaa waliolala na jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa, watoto pembeni. Asubuhi majirani huvunja mlango. Watu husema ni kurogwa, au ni chakula kibaya. Si hivyo. Ni kemia. Mkaa unaowaka bila moshi haujaacha kutoa sumu. Umeacha tu kutoa ile inayoonekana. Wanafunzi, mkirudi likizo, mwambieni mama, mwambieni bibi: jiko likisha kupika litoke nje, hata kama baridi ni kali. Ikiwa kati yenu mia tano mmoja tu atalisema na kusikilizwa, safari yangu ya kuja hapa imekwisha kulipwa.

Jambo la tano ni chumvi na unyevu. Mwanamichezo hutoka majini na suti ya mpira inayochuruzika. Akiitundika ndani, atalala katika wingu. Mvuke wa pumzi na wa nguo hukutana na bati la baridi, hugeuka matone, matone hushuka nyuma ya mbao, na kutu huanza kula gari kutoka ndani ambako hakuna jicho. Chumvi huongeza ubaya kwa sababu huvuta unyevu kutoka hewani hata mvua isiponyesha. Dawa ni za kawaida: suti isuuzwe kwa maji baridi na itiwe katika ndoo yenye mfuniko, au itundikwe nje, dirisha liachwe wazi upana wa vidole viwili usiku kucha, na gari lioshwe kwa maji matamu, hasa chini. Mabaharia wetu wa majahazi wanajua kwamba chombo huliwa na kile kinachokibeba.

Jambo la sita ni kazi yenyewe. Meza iwe ya kimo cha meza, sentimita 72 hivi kutoka sakafuni, wala si paja. Mgongo hauheshimu mandhari nzuri. Kiti cha nyuma kinachokunjuliwa kikawa kitanda kifungwe kwa bolti kwenye chuma cha gari, si kwenye plaiwudi, maana siku ya ajali kitu kisichofungwa hugeuka kombora. Kwa mawasiliano, jueni kwamba mwili wa bati huyazuia mawimbi ya redio; ruta iliyo ndani husikia nusu ya isikiavyo antena iliyo juu ya paa. Kuweni na laini za makampuni mawili tofauti. Mkutano wa video hula kama gigabaiti moja kwa saa, na hiyo nayo iingie katika bajeti, kama petroli, ambayo Kombi hunywa lita 12 au zaidi kwa kilomita 100.

Kisha kuna saa. Wenzangu wa kazi wako Dar es Salaam na Nairobi, saa moja mbele yetu. Saa mbili yao asubuhi ni saa moja yangu, na mwezi Juni jua la Jeffreys Bay halijachomoza wakati huo. Wao wakifunga kazi saa kumi, kwangu ni saa tisa, na jua litazama saa kumi na moja na robo. Nina saa mbili za mwanga. Lakini bahari haikuajiriwa nasi. Wavuvi wa kwetu wanajua kwamba maji yakijaa leo saa nne, kesho yatajaa kama dakika 50 baadaye, na bamvua itakuja na kupita kwa mwezi wake. Iko siku maji na mawimbi ni mazuri saa nne asubuhi, na mimi nina mkutano saa nne asubuhi. Nimeona vijana hodari, wenye magari mazuri kuliko langu, wakichagua wimbi siku ile, na siku nyingine, na nyingine. Mwajiri aliye mbali haoni jasho lako. Huona tu kwamba hukuwapo. Miezi michache baadaye gari linauzwa na ubao juu yake. Sheria yangu ni fupi: kazi ina saa zake, wimbi lina majaliwa yake. Ukiyafuata kwa mpangilio huo, utapata yote mawili mara nyingi kuliko unavyodhani.

La mwisho ni heshima kwa wenyeji. Halmashauri nyingi za pwani ile zimekataza kulala ufukoni na katika maegesho, na wanayo sababu, kwa kuwa wako wageni wanaoacha taka na kujisaidia vichakani. Lala kambini, lipa ada, beba taka zako, msalimie mlinzi. Majini pia kuna zamu: aliye karibu zaidi na kilele cha wimbi ndiye mwenye haki, na mgeni hungoja. Mtoto aliyelelewa katika bweni la shule hii, akapanga foleni ya bafu saa kumi na moja alfajiri, hahitaji kufundishwa zamu.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi. Nimetembelea maabara asubuhi. Nimeona vitabu vinaeleza volti, ampea na wati vizuri kabisa. Nimewauliza wanafunzi sita wa Kidato cha Tatu kama wamewahi kushika mita na kupima mkondo unaopita katika waya. Mmoja alisema ndiyo. Hili haliwezi kuwa kosa lao, wala la walimu wanaogawana mita moja kwa madarasa manne. Nimeleta mita tano, betri ndogo moja, paneli moja ya wati 50, king'ora kimoja cha kaboni monoksidi na boksi la fyuzi. Nawaomba wenzangu wa zamani, kila darasa la mwaka wake, liongeze seti moja kama hii kabla ya mkutano ujao, na Ndugu Mkuu wa Shule aruhusu iwepo jioni moja kwa wiki ambapo vijana watapima, watakata fyuzi kwa makusudi, na kukokotoa ni kiasi gani cha jua kinahitajika kuiwasha taa ya bweni lao usiku mmoja.

Wako watakaokuwa mafundi, wako watakaofanya kazi kwa watu wasiowaona, na huenda mmoja wao atanipita siku moja pale Jeffreys Bay akiwa juu ya wimbi. Nitamfahamu kwa fyuzi iliyo karibu na betri yake na dirisha lililo wazi upana wa vidole viwili.